Barafu ndani ya kabureta: mwongozo kwa rubani wa ndege ndogo ya injini moja

Rubani anayejifunza katika uwanja wa Wilson jijini Nairobi, au katika ule wa Arusha, ana sababu ya kudhani kwamba barafu ni shida ya marubani wa Ulaya na Kanada. Katika anga la Ikweta, kimo ambacho halijoto hufikia nyuzi sifuri huwa karibu futi 15,000 au 16,000 juu ya usawa wa bahari, na Cessna 172 ya kawaida haifiki huko. Hata hivyo, ndege hiyohiyo, ikiwa ni ya toleo la zamani lenye kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli kabla havijaingia kwenye injini), inaweza kupoteza nguvu zote za injini kwa sababu ya barafu asubuhi ya Julai yenye nyuzi 17 za Selsiasi, ilhali mabawa yake ni makavu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na barafu ya ndani, na ile ya mabawani inafuata kwa ufupi.

Hewa inapopita kwenye koo jembamba la kabureta huongeza kasi, shinikizo lake hupungua, nayo hupoa. Papo hapo petroli inayonyunyizwa hugeuka mvuke na kufyonza joto jingine. Kwa pamoja mambo hayo mawili yanaweza kushusha halijoto kwa zaidi ya nyuzi 30, na unyevu uliokuwa hewani huganda kwenye kuta za koo na kwenye kilango cha throto (kinachopima hewa inayoingia kwenye injini rubani anapoongeza au kupunguza nguvu), hadi njia ya hewa iwe nyembamba na injini ianze kukosa pumzi. Hatari huwa kubwa zaidi halijoto inapokuwa chini ya nyuzi 21 na unyevu wa hewa ukizidi asilimia 80, lakini barafu inaweza kutokea hata kwenye nyuzi 38 kwa unyevu wa asilimia 50. Kwa hiyo anayeshuka kuelekea Zanzibar kwenye joto la alasiri, throto ikiwa imerudishwa nyuma, naye asijione amesalimika.

Kabla ya kuruka, soma taarifa ya hali ya hewa na utazame halijoto pamoja na kiwango cha umande, yaani halijoto ambayo unyevu wa hewani huanza kugeuka matone. Namba hizo zikikaribiana, mathalani 17 na 15, hesabu kwamba barafu ya kabureta itakuwa nawe njiani, hasa katika miezi ya Juni hadi Agosti ambapo mawingu ya chini hukaa juu ya Nairobi na Limuru hadi karibu adhuhuri. Ijue pia injini yako. Ile ya Continental O-200 iliyo kwenye Cessna 150 hushika barafu kwa urahisi zaidi kuliko injini nyingi za Lycoming, ambazo kabureta yake imefungwa chini ya sampu ya oili (bakuli la oili lililo chini ya injini) na hupata joto kutoka hapo. Petroli ya magari, pale inaporuhusiwa, huongeza hatari kwa kuwa hugeuka mvuke upesi zaidi kuliko petroli ya ndege.

Kinga ni kitufe cha joto la kabureta, ambacho ukikivuta huingiza hewa iliyopashwa moto kandokando ya bomba la moshi. Kijaribu wakati wa kupima injini kabla ya kuruka: mizunguko ya injini kwa dakika inapaswa kushuka kidogo, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi, kisha irudi palepale unapokisukuma ndani. Isiposhuka, hewa ya moto haifiki. Huenda waya umekatika au bomba la hewa limepasuka, na ndege hiyo ni ya kukabidhiwa fundi, hata abiria wakilalamika. Jaribio liwe fupi, kwa kuwa hewa hiyo haipiti kwenye chujio, na vumbi la viwanja vyetu vya murram huila injini pole pole.

Angani, dalili ya kwanza katika ndege yenye propela isiyobadilika (pembe ya mapanga yake ni ileile daima) ni mizunguko kupungua bila wewe kugusa kitu. Katika ile yenye propela inayojirekebisha, kinachoshuka ni shinikizo la manifoldi, yaani la hewa kwenye bomba linaloiingiza kwenye injini, na mizunguko hubaki ileile ikimdanganya rubani. Wengi husukuma throto mbele kidogo bila kufikiri, na kwa kufanya hivyo huificha dalili yenyewe. Vuta joto la kabureta hadi mwisho. Tuseme ulikuwa kwenye mizunguko 2,300 nayo imeteleza hadi 2,200: ukivuta itashuka tena, injini itatetemeka na kukohoa maji ya barafu inayoyeyuka yakipita ndani yake, kisha itapanda juu ya ile 2,200. Kipindi hicho cha kukohoa ndicho kinachowatia hofu wanafunzi wakakirudisha kitufe ndani, na hilo ndilo kosa baya kuliko yote katika jambo hili, kwani barafu inabaki na joto linakatwa. Kuvuta nusu nako hakufai, isipokuwa ndege ina kipimo cha halijoto ya kabureta.

Wakati wa kushuka, vuta joto kabla ya kupunguza nguvu, maana injini ikishapoa haina tena joto la kukupa. Joto hilo huondoa sehemu ya nguvu, wakati mwingine hadi asilimia 15, na kwenye uwanja ulio zaidi ya futi 5,000 kama Wilson hakuna nguvu ya kupoteza. Ukilazimika kughairi kutua, throto iende mbele yote, na kitufe kifuate mara moja. Kitabu cha ndege yako kikisema vinginevyo, kifuate hicho.

Injini za Cessna 172R na 172S hazina kabureta, lakini chujio lake la hewa linaweza kuzibwa na barafu ndani ya wingu lenye baridi. Hapo ndipo tunafika kwenye barafu ya mabawani, ambayo humpata mwenye ndege iwezayo kupanda juu zaidi. Barafu isiyozidi ukwaru wa msasa mnene inaweza kupunguza nguvu ya kuinua kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani kwa asilimia 40. Washa kipasha joto cha pitoti (mrija unaopima kasi ya ndege) kabla ya kuingia mawinguni, na ukiona weupe kwenye ukingo wa bawa, geuka au ushuke kwenye hewa ya joto ungali na nguvu, ukijua kwanza kimo cha chini kilicho salama, kwani karibu na Mlima Kenya au Kilimanjaro kushuka ovyo ni kugonga mlima. Zima rubani-otomatiki ili uhisi uzito wa usukani. Ukitua na barafu, ongeza kasi ya kukaribia uwanja, usishushe flapu (vibao vya nyuma ya bawa) bila ulazima, na usiondoe nguvu zote hadi magurudumu yaguse ardhi.