Kuilea Kaya Mpaka Ijitegemee: Mwongozo wa Mlezi wa Kijiji

Kaya maskini haihitaji mtu wa kuihubiria kuhusu akiba. Inahitaji mtaji, mahali salama pa kuweka mia tano yake, na mtu wa jirani anayesema "nitarudi Jumanne" na kweli Jumanne akabisha hodi. Vitu viwili vya kwanza vina miongozo mingi. Mwongozo huu unamhusu zaidi huyo wa tatu, yaani mlezi.

Mfumo wenyewe si mpya. Shirika la BRAC liliuanza Bangladesh mwaka 2002: kaya inapewa mali ya kuzalishia, posho ya chakula kwa miezi michache, mafunzo, akiba, na mtu wa kuitembelea kwa karibu miaka miwili. Ulijaribiwa Ethiopia, Ghana, India, Pakistan, Peru na Honduras, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba hali za kaya zilikuwa bado bora mwaka mmoja baada ya mradi kwisha. Honduras ndiyo iliyosuasua, na kuku waliogawiwa huko wengi walikufa kwa ugonjwa. Kumbuka hilo tukifika kwenye banda.

Mifano hapa ni ya vijiji vya Dodoma na Singida, ambako mvua ni msimu mmoja na njaa huuma kuanzia Januari mpaka Machi. Kama kwenu kuna vuli na masika, sogeza miezi. Bei nazo ni za mfano tu.

Hatua ya 1: Orodha ya kaya (Februari)

Fanya kazi hii Februari, wakati ghala ni tupu na kila mtu anaonekana alivyo. Ukiifanya Julai, baada ya mavuno, hata hohehahe ana gunia la mtama mlangoni.

Fanya kwa kitongoji, si kwa kijiji kizima. Andika jina la kila mkuu wa kaya kwenye kadi yake. Tafuta makundi matatu ya watu watano watano (wazee, wanawake, vijana), na kila kundi lipange kadi peke yake katika mafungu manne: wanaojiweza, wa kati, maskini, hohehahe. Kaya iliyowekwa fungu la mwisho na makundi mawili au matatu inaingia kwenye orodha ya awali. Orodha isomwe kwenye mkutano wa kitongoji, kisha mkutano mkuu wa kijiji, halafu utembee nyumba kwa nyumba kuhakiki.

Makosa hutokea pande mbili. Ndugu wa viongozi huingia, na hao mkutano wa hadhara huwachuja vizuri. Kosa baya zaidi ni la wasioonekana: bibi anayelea wajukuu pembezoni, mhamiaji asiye na ukoo pale, kaya yenye mlemavu anayefichwa ndani. Hao hawaji mkutanoni, na hakuna wa kuwataja. Muulize mwenye duka ni nani hununua mafuta ya kupima na chumvi ya mia. Yeye anawajua kuliko mwenyekiti.

Hatua ya 2: Kupata walezi

Hesabu kwanza. Tembezi moja la maana huchukua dakika 45 hadi saa nzima, na kutoka nyumba moja kwenda nyingine kuna mwendo. Mlezi mwenye baiskeli hufanya nne kwa siku na bado akalima shamba lake. Siku tano ni tembezi 20, kwa hiyo mlezi mmoja ni kaya 20, basi. Ukimpa 40 atajaza fomu akiwa kwake.

Awe mkazi wa kijiji, ajue kusoma na kuandika, na awe amewahi kuendesha biashara yoyote, hata ya karanga. Asiwe mtendaji, mwenyekiti, mgombea wa cheo chochote, wala mkopeshaji. Mlipe posho ya kila mwezi pamoja na matengenezo ya baiskeli. Mlezi wa kujitolea hutoweka msimu wa palizi, na palizi ndiyo miezi ya njaa, wakati kaya zinapomhitaji kuliko wakati wowote.

Sheria moja haina msamaha: mlezi hashiki pesa ya kaya. Hapokei, hahifadhi, hakopi, hata kwa nusu saa.

Hatua ya 3: Tembezi tatu za mwanzo (Machi na Aprili)

Usizungumze biashara. Tembezi la kwanza ni la kufahamiana. Kama ni bibi, shikamoo kwanza, kaa pale unapoonyeshwa, na daftari libaki kwenye mfuko.

Tembezi la pili, chora duara 12 chini kwa kijiti, moja kwa kila mwezi, na umpe mama mbegu za maharage. Mbegu nyingi pale chakula kinapotosha, chache pale kinapopungua. Rudia kwa vijiti kuonyesha miezi ya vibarua, na kwa mawe kuonyesha matumizi makubwa: sare za shule Januari, pembejeo Novemba. Ndani ya dakika 30 utakuwa umeona mwezi ambao kaya hii huanguka. Nakili mchoro kwenye daftari. Utaurudia miaka yote miwili.

Tembezi la tatu ni la madeni na karatasi. Uliza kwa upole kama kuna mkopo wa kausha damu, yaani ule wa mtaani wenye riba kubwa. Ukipuuza swali hili, mtaji utakaotoa utapita siku moja tu nyumbani kabla ya kuishia kwa mkopeshaji. Kisha angalia vyeti vya kuzaliwa vya watoto na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa). Bila NIDA hakuna laini ya simu kwa jina lake, na bila laini pesa yake itapitia simu ya mtu mwingine. Kufuatilia karatasi hizi kunachosha, lakini hapo ndipo kaya huanza kumwamini mlezi.

Hatua ya 4: Kikundi cha hisa

Hiki ni kikundi cha kuweka akiba kwa kununua hisa na kukopeshana. Wanachama 15 hadi 25, wakutane kila wiki. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na anayelaza sanduku asiwe na ufunguo wowote. Kila mkutano mwanachama ananunua hisa moja hadi tano, na mihuri inagongwa kwenye kijitabu chake mbele ya wote.

Vikundi vingi huharibika siku ya kupanga bei ya hisa. Wenye uwezo hupendekeza 2,000, maskini wanaona aibu kupinga, na baada ya wiki sita wameacha kuja. Bei iwe ile ambayo aliye chini kabisa anaweza kununua hisa moja mwezi Februari. Kama ni 500, iwe 500. Watu 20 wakinunua hisa mbili mbili kwa wiki 50 wanafikisha shilingi 1,000,000 kabla ya riba. Anayeweza zaidi anunue tano.

Mfuko wa jamii uwe pembeni, 100 kila mtu kwa wiki, kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Mkopo usizidi mara tatu ya hisa za mkopaji wala miezi mitatu. Kuvunja kikundi, yaani kugawana fedha za mzunguko, kufanyike mwanzoni mwa Januari. Ukivunja Julai, fedha zinakutana na mavuno na sherehe, na Januari sare hazina wa kuzilipa.

Hatua ya 5: Mradi na mtaji (Julai)

Posho ya chakula ianze kabla ya mtaji na iendelee mpaka mradi uanze kutoa. Ukiitoa posho kwenye bajeti ili "kuokoa", kuku wataliwa, na hilo halitakuwa kosa la mama.

Gawa mtaji mara mbili: sehemu kubwa mwanzoni, iliyobaki baada ya miezi sita kama mradi upo na kumbukumbu zipo. Na usiwape wote mradi mmoja. Magenge kumi ya nyanya barabara moja yanauana yenyewe.

Tuchukue kuku wa kienyeji, kwa kuwa wengi huchagua hao: majike 10 na jogoo mmoja. Banda lijengwe kwanza, limeinuliwa kutoka ardhini, na hakuna banda hakuna kuku. Usinunue mnadani. Mtu hukimbilia kuuza kuku mnadani pale kideri (ugonjwa wa Newcastle) kinapoingia kwake. Nunua kwa wafugaji unaowafahamu, wachanjwe wiki mbili kabla ya kugawiwa, na wageni wasichanganywe na kuku wa zamani kwa wiki mbili. Chanjo ya kideri iitwayo I-2 ni tone moja kwenye jicho moja, kwa kuku mzima si mgonjwa, kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inatosha mamia ya kuku, kwa hiyo mlezi apange siku moja kwa kitongoji kizima na kila nyumba ichangie, hata zisizo kwenye mradi. Kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye atakayeleta ugonjwa. Kiangazi ndipo kideri hushamiri, basi usikose raundi ya Julai na ya Oktoba.

Mayai huanguliwa siku ya 21. Vifaranga wafunikwe kwa tenga mchana kwa wiki nne za mwanzo. Mwewe huchukua wengi, na tenga ni la bei ndogo.

Hatua ya 6: Tembezi la kila wiki

Fuata mpangilio huu huu kila wiki.

Salamu, kisha nenda uone kitu chenyewe. Hesabu kuku, gusa unga, angalia banda. Usiulize "mradi unaendeleaje?" maana jibu litakuwa "unaendelea vizuri" hata kama hakuna kuku aliyebaki. Uliza: "Umeuza kwa shilingi ngapi, na hela iko wapi sasa hivi?"

Kwa asiyesoma, tumia makopo matatu: la mtaji, la nyumbani na la kukuza. Mfano wa muuza vitumbua: ametumia 12,000 na kuuza 18,000. Kabla ya yote 12,000 inarudi kopo la mtaji. Katika 6,000 iliyobaki, 3,000 iende nyumbani, 1,500 inunue hisa tatu, 1,500 ikuze. Mtaji ukiliwa, mara nyingi si kwa anasa. Ni kwa sababu pesa yote ilikaa kwenye khanga moja, na jioni mtoto akaugua.

Halafu jambo moja la kujadili, na ahadi moja ya wiki ijayo. Moja tu. Walezi wapya huacha maagizo saba, na kaya haitekelezi hata moja. Ahadi aitamke mama mwenyewe, wewe uiandike, na Jumanne ijayo uanzie hapo.

Angalau tembezi moja kwa mwezi liwe jioni, baba akiwepo. Mume anayesikia habari za mtaji kwa majirani ataudai. Aliyeshirikishwa mapema mara nyingi ndiye anayejenga banda.

Hatua ya 7: Mtaji ukipotea

Usiurudishe palepale, wala usifoke. Tafuta ulikokwenda. Kama ni ugonjwa au msiba, mfuko wa jamii usaidie na mradi uanze upya kwa udogo. Kama ni kukopesha wateja, weka kikomo: anayedaiwa hapewi tena. Kama ni ndugu waliokuja kuomba, msaidie mama apate jibu la kuwapa: "Hela iko kwenye kikundi." Jibu hilo halimvunjii mtu heshima.

Hatua ya 8: Kupunguza tembezi

Kila wiki kwa mwaka wa kwanza, kila wiki mbili mpaka mwezi wa 18, kisha mara moja kwa mwezi mpaka wa 24. Kaya imehitimu ikiwa Februari ilikula milo miwili kwa siku, ina vyanzo viwili vya kipato, watoto wako shuleni, haina deni la kausha damu, na mama anajua mwenyewe wa kumwita kwa chanjo. Isiyofikisha, ongeza miezi sita ya tembezi, si mtaji mwingine.

Kikundi kilichomaliza mzunguko mmoja bila ugomvi kipelekwe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuulizia usajili. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Katiba ya kikundi na akaunti ya benki viwe tayari kabla ya kwenda.

Tembezi la mwisho, mwachie daftari na ule mchoro wa duara 12. Kisha panga kurudi mara moja zaidi, Februari inayofuata, bila taarifa, uhesabu kuku na kuangalia kilichomo ghalani.