Mnyanya umedumaa na majani ni njano: tafuta chanzo kabla ya kushika mbolea

Mnyanya wa kwenye ndoo ukigeuka njano, wengi hukimbilia mfuko wa mbolea. Katika mwongozo huu mbolea nimeiweka karibu na mwisho, kwa makusudi. Shambani, mzizi uliokosa hewa au uliokutana na chumvi huweza kupenya kwingine. Ndani ya ndoo hauna pa kwenda. Ndiyo maana mimea mingi ya vyomboni ninayoombwa kuiangalia ina chakula cha kutosha kwenye udongo, ila mizizi imeshindwa kukichukua. Ukimwaga mbolea juu ya mizizi iliyougua, unaongeza chumvi na hali inazidi kuharibika.

Nitazungumzia nyanya, lakini pilipili, hoho na biringanya ni za ukoo mmoja nayo, na hatua ni zilezile. Unahitaji macho, kidole, karatasi nyeupe na, ikiwezekana, kipima pH (kiwango cha uchachu wa udongo).

Hatua ya 1: Unjano ulianzia wapi?

Usianze na jani lililoharibika kuliko yote. Rudi nyuma kidogo, utazame mmea mzima kutoka chini hadi kileleni, kisha ujiulize: yaliyoanza kubadilika ni majani ya zamani au machanga?

Swali hili lina uzito kwa sababu virutubisho havitembei sawa ndani ya mmea. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu vinahama. Vikipungua, mmea huvinyang'anya kwenye majani ya zamani na kuvipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo chini ndiko kunakoumia kwanza. Madini ya chuma na kalsiamu yakishaingia kwenye jani hayatoki kirahisi, kwa hiyo upungufu wake huonekana juu, kwenye majani mapya.

Sasa angalia namna jani lilivyobadilika:

- Jani la chini limepauka lote, mishipa nayo: naitrojeni haifiki.
- Jani la chini ni njano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe bado kijani: magnesiamu.
- Kingo za majani ya chini zimekauka kama zimeunguzwa: potasiamu, au chumvi imezidi.
- Majani ya kileleni ni njano na mishipa ya kijani imejichora kama wavu: chuma. Mara nyingi kipo kwenye udongo, ila pH imekizuia.
- Mgongo wa jani una rangi ya zambarau na mmea hauongezeki: fosforasi. Kama usiku ni wa baridi, shuku baridi kabla ya kushuku udongo.
- Unjano wa madoadoa yasiyo na mpangilio: nenda moja kwa moja hatua ya 3.
- Upande mmoja tu wa mmea, au nusu ya jani: huenda ni mnyauko fusari, ugonjwa wa kuvu. Nenda hatua ya 4.

Orodha hii haitoi hukumu. Neno "haifiki" nimelichagua: naitrojeni inaweza kujaa kwenye udongo na bado isifike kwenye jani. Na kama ni majani mawili matatu ya chini kabisa kwenye mnyanya mkubwa wenye matunda, hayo yamezeeka na kukosa mwanga. Yakate, uendelee na shughuli zako.

Hatua ya 2: Maji

Chomeka kidole hadi pingili ya pili. Kisha inyanyue ndoo, au iinamishe kama ni nzito. Fanya hivyo mara tu baada ya kumwagilia na tena udongo unapokauka; baada ya muda mfupi mkono wako utajua tofauti ya uzito bila kuhitaji kifaa.

Dalili inayowachanganya watu ni mmea kulegea wakati udongo umelowa. Mizizi hupumua. Udongo ukijaa maji muda wote hewa inatoka, mizizi inaanza kufa, na vimelea vya jamii ya Pythium huvamia. Mzizi uliokufa haunywi, kwa hiyo mmea unanyauka kama wenye kiu, mwenyewe anauongezea maji, na mzunguko unaendelea. Naweza kusema hiki ndicho chanzo ninachokikuta mara nyingi kuliko vingine vyote vikijumlishwa.

Tiba yake haina gharama: acha kumwagilia mpaka sentimita 3 hadi 5 za juu zikauke, na hakikisha matundu ya chini yapo na hayajaziba. Kokoto za kuweka chini ya ndoo hazisaidii maji kutoka. Maji hukwama kwenye udongo ulio juu ya kokoto, hivyo unakuwa umeisogeza sehemu ya tope karibu zaidi na mizizi. Changanya perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano) au mchanga wa chengachenga kwenye udongo wote badala yake.

Kinyume chake pia hutokea. Udongo wenye kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) nyingi ukikauka kabisa unaweza kukataa maji. Yanapita pembeni na kutokea chini huku katikati ni vumbi. Ukiona maji yametoka haraka na ndoo bado nyepesi, iweke kwenye beseni la maji kwa nusu saa inywe kutokea chini.

Hatua ya 3: Geuza majani

Wadudu wengi wanaofyonza hukaa mgongoni mwa jani. Shika karatasi nyeupe chini ya jani na uligonge. Vidoa vidogo vikianza kutembea, hao ni utitiri. Juu ya jani utaona chembechembe nyingi za njano na, wakizidi, utando mwembamba. Ukitikisa mmea vikaruka vijidudu vyeupe, ni inzi weupe. Vidukari utawaona kwa macho kwenye vichipukizi, na huacha jani likinata.

Wote watatu unaweza kuanza nao kwa maji ya sabuni laini, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja. Jaribu kwanza kwenye jani moja, usubiri siku moja. Nyunyiza jioni, chini ya majani, na urudie baada ya siku 5 hadi 7 kwa sababu sabuni haiui mayai.

Inzi weupe ana hatari nyingine: hueneza virusi vya rasta. Majani machanga yanakuwa madogo, yanakunjamana kuelekea juu mithili ya kijiko, kingo zinageuka njano, maua yanapukutika na mmea unasimama palepale. Ugonjwa huu hauna dawa. Mmea ulioupata mapema hautazaa cha maana, na kila siku unayousubiri inzi wanaupeleka kwa jirani zake. Ufunike kwa mfuko ukiwa bado umesimama ili inzi wasiruke, ndipo uung'oe.

Hatua ya 4: Toa mmea kwenye chombo

Watu huogopa hatua hii, lakini mnyanya ni mvumilivu. Fanya jioni, udongo ukiwa na unyevu kiasi. Laza ndoo, gonga pembeni, ushikilie shina karibu na udongo na utoe bonge zima.

Mizizi mizima ni myeupe au rangi ya maziwa, imara, na inanukia udongo. Iliyooza ni kahawia, inateleza, ngozi yake inavuka ukiivuta na kubaki uzi mwembamba. Harufu yake hutasahau. Kata iliyooza kwa mkasi safi, panda upya kwenye udongo mpya unaopitisha maji, na upunguze matawi ili mizizi iliyobaki isielemewe.

Mizizi ikiwa imezunguka chombo mpaka udongo hauonekani, mmea umedumaa kwa kukosa nafasi. Mnyanya mrefu unataka karibu lita 20. Chana mizizi ya nje kwa vidole kabla ya kuhamisha.

Ukikuta vifundo vilivyovimba ndani ya mizizi yenyewe, hao ni minyoo fundo. Na kama mmea unanyauka mchana bila sababu uliyoiona hadi hapa, kata shina karibu na udongo. Rangi ya kahawia kwenye mishipa ya ndani huashiria mnyauko fusari. Ning'iniza kipande cha shina kwenye glasi ya maji safi: vikitoka nyuzi za maziwamaziwa ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Katika minyauko hii miwili mmea hauokoki.

Hatua ya 5: pH na chumvi

Nyanya hupenda pH ya 6.0 hadi 6.8. Changanya kiasi kimoja cha udongo na kiasi kilekile cha maji ya mvua, koroga, subiri nusu saa, upime. Ikipita 7.5, chuma hujifunga hata kama kipo tele. Majivu hupandisha pH, kwa hiyo usiyanyunyizie kila mmea unaoumwa. Kuishusha kwa salfa huchukua miezi. Kwa haraka tumia mbolea ya chuma cha aina ya EDDHA (soma lebo), ambacho hufanya kazi hata pH ikiwa juu. Cha EDTA hakifui dafu hapo.

Utando mweupe juu ya udongo au ukingoni mwa ndoo, pamoja na ncha za majani zilizoungua, ni chumvi. Pitisha polepole maji safi mara mbili hadi tatu ya ujazo wa ndoo, na yatoke yote.

Hatua ya 6: Sasa chakula

Kama mizizi ni mizima, maji yako sawa na pH iko sawa, hapo ndipo njaa inapoaminika. Toa mbolea ya maji kwa nusu ya kipimo cha lebo, kwenye udongo uliolowa. Kwa magnesiamu, chumvi ya Epsom kijiko kimoja cha chai kwa lita, nyunyiza jioni. Usiongeze potasiamu wakati huohuo, kwa sababu inashindana na magnesiamu kuingia mizizini.

Chunguza pia ulichochanganya. Maranda mabichi huwafanya bakteria wavute naitrojeni yote wayaozeshe. Samadi ya mifugo iliyokula majani yaliyopigwa kiuagugu chenye aminopiralidi ni mbaya zaidi: sumu hiyo hupita tumboni mwa mnyama, hudumu hata kwenye mboji, na machipukizi ya nyanya hujisokota kwa namna inayofanana na virusi.

Hatua ya 7: Badilisha kitu kimoja, kisha subiri

Funga uzi chini kidogo ya jani changa kuliko yote. Baada ya siku 7 hadi 10 tazama yaliyoota juu ya uzi. Yaliyokwisha kuwa njano kwa kawaida hayarudii kijani, kwa hiyo usiyatumie kupimia maendeleo. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 12 za Selsiasi, au jua likifika chini ya saa 6 kwa siku, hutaona mabadiliko yoyote hata ukifanya mengine yote. Sogeza chombo kwanza.

Mmea uliokufa kwa mnyauko au minyoo fundo, udongo wake usiutumie tena kwa nyanya, pilipili wala biringanya. Ndoo yenyewe isugue, uiloweke kwenye maji yenye dawa ya klorini na uikaushe juani kabla ya kupanda mche mwingine.