Jinsi ya Kuchagua na Kufuata Mafunzo ya Kuwahudumia Wenye Uraibu wa Pombe na Dawa za Kulevya Nchini Uganda

Ukitaka kuwahudumia watu wenye uraibu nchini Uganda utakutana na mafunzo ya kila aina, kuanzia semina za siku chache hadi shahada za ushauri nasaha. Rai yangu ni kwamba usichague mafunzo kwa ukubwa wa jina la cheti, bali kwa muda ambao mwanafunzi hukaa na wagonjwa huku mtu mwenye uzoefu akimsimamia. Mtu anaweza kukariri nadharia zote za uraibu darasani, kisha akashindwa kutambua kwamba kijana anayetetemeka mbele yake anahitaji hospitali usiku huohuo, si mazungumzo.

Amua kwanza unalenga nafasi ipi, kwa sababu njia zinatofautiana. Wahudumu wa afya wa vijiji na wasaidizi wa jamii hutambua tatizo mapema, huongea na familia na kumfikisha mgonjwa kituoni. Mshauri nasaha hufanya kazi ya miezi mingi na mtu mmoja mmoja au na kikundi, na kwa kawaida huhitaji diploma au shahada. Anayetaka kutibu atapitia uuguzi wa afya ya akili au mafunzo ya maafisa tabibu wa magonjwa ya akili, ambao chuo chao kiko Butabika, jijini Kampala, kando ya hospitali ya taifa ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1955 na yenye kitengo chake cha pombe na dawa za kulevya. Kwa wale ambao tayari wako kazini upo pia mtaala wa kimataifa wa kutibu uraibu uitwao UTC (Universal Treatment Curriculum), uliotayarishwa chini ya Colombo Plan, shirika la ushirikiano wa serikali mbalimbali, ambao ngazi yake ya msingi ina kozi 8, zikiwemo namna dawa zinavyofanya kazi mwilini, upimaji wa awali, ushauri, usimamizi wa mgonjwa, hali za dharura na maadili.

Kabla ya kulipa karo, nenda chuoni ukaulize wazi: mafunzo kwa vitendo yanafanyikia wapi, nani anasimamia, na je, msimamizi huyo mwenyewe amewahi kufanya kazi katika wodi au kituo cha uraibu? Uliza pia nyaraka za kufundishia ni za lini. Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ya 2015 ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2023 kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa, na mpya ikatiwa saini mwaka 2024. Vilevile Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 ilichukua nafasi ya sheria ya enzi za ukoloni. Mwalimu asiyejua mabadiliko haya atakufundisha mambo yasiyotumika tena kuhusu haki za mgonjwa na namna ya kumlaza bila ridhaa yake.

Ukishaanza masomo, weka nguvu zako za kwanza katika hatari za mwili, hata kama sehemu hiyo inaonekana kuwa ya madaktari. Mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa muda mrefu, kisha akaacha ghafla, anaweza kupata degedege, mara nyingi kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho. Na kati ya siku ya 2 na ya 4 anaweza kuanza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo, kutokwa jasho jingi na kupanda joto, hali inayoweza kumuua. Hapa ndipo nia njema ya ndugu hugeuka kuwa hatari, kwa maana familia humfungia mgonjwa chumbani ili asipate pombe, ikiamini kuwa imemwokoa. Kazi yako si kumpa dawa, bali kuuliza alikunywa mara ya mwisho lini na kama amewahi kupata degedege, kisha kumpeleka hospitali ambako atapewa dawa za kutuliza na vitamini B1. Anayelalamika kuwa haoni vizuri saa kadhaa baada ya kunywa waragi wa kienyeji, pombe kali ya kunereka, apelekwe mara moja pia, kwani methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu inayoweza kuwemo, hupofusha. Aliyetumia heroini, akawa hazinduki, anapumua polepole na mboni zake zimesinyaa, anahitaji nalokisoni, dawa inayoondoa athari za heroini, na msaada wa kupumua. Ujue pia kwamba huko Butabika wenye uraibu wa heroini hupewa methadoni, dawa inayotuliza hamu yake, ili usimwambie mtu kuwa hakuna njia nyingine ila kujikaza.

Sehemu inayofuata ni upimaji. Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani lina maswali 10 na alama zisizozidi 40, na kuanzia alama 8 unywaji huhesabiwa kuwa wenye madhara au hatari. Jaribu kulitumia kwa mtu anayekunywa malwa, pombe inayonyonywa kwa mirija kutoka chungu kimoja na watu wengi huku maji ya moto yakiongezwa, na utaona mara moja kwamba swali la idadi ya vinywaji halijibiki. Jifunze kuuliza alikaa kwenye chungu kwa muda gani, walikuwa wangapi, wakachanga shilingi ngapi, na alirudi nyumbani vipi. Kwa waragi, uliza ukubwa wa chupa. Kwa mairungi, yaani miraa, uliza anatafuna tangu saa ngapi na anatumia nini ili apate usingizi, maana wengi huutuliza mwili kwa pombe.

Masomo na mitihani mingi iko kwa Kiingereza, lakini utakaowahudumia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, mjini Arua au kambini mwa askari huenda wakakujibu kwa Kiswahili. Andika mapema, kwa Kiswahili chao, kila swali utakalouliza, na ulijaribu na mwenzako mpaka lisisikike kama mahojiano ya polisi. Jizoeze pia mbinu ya ushauri iitwayo kwa Kiingereza motivational interviewing, iliyoanzishwa na mwanasaikolojia William Miller mnamo 1983, ambamo mshauri humsaidia mtu kutaja mwenyewe sababu zake za kubadilika badala ya kumhubiria. Kwa wengi wetu, tuliolelewa kwa kuonywa na wazee, hili ndilo somo gumu kuliko yote, na halijifunzwi kwa kusoma. Omba msimamizi akusikilize, akueleze ni mara ngapi ulimkatiza mgonjwa.

Ikiwa wewe mwenyewe umewahi kuwa na uraibu, uzoefu wako ni mali kubwa kwa wagonjwa, lakini mweleze msimamizi wako mapema na mkubaliane utafanya nini siku hamu itakaporudi. Baada ya cheti, endelea kukutana na msimamizi kwa ratiba iliyoandikwa, ukiwa na daftari lenye kumbukumbu za kila mgonjwa zisizotaja jina lake, na daftari hilo likae kwenye sanduku lenye kufuli.