Jinsi ya Kuchagua Mahali pa Kiwanda Ushuru Unaposhuka: Mfano wa Korosho za Malindi na Lamu

Anayekusudia kujenga kiwanda cha kubangua korosho kati ya Malindi na Lamu aanze, kabla hajatafuta kiwanja, kwa kujiuliza mnunuzi wake yuko wapi. Zamani, ushuru mkubwa na leseni za kuagiza bidhaa zilipolilinda soko la Kenya, mnunuzi alikuwa humu nchini, na viwanda vingi vikarundikana Nairobi na Mombasa. Soko likifunguliwa, hesabu hiyo hubadilika. Mexico ilipojiunga mwaka 1986 na GATT, mkataba wa kimataifa wa kupunguza vizuizi vya biashara, ajira za viwandani zilianza kuhama mji mkuu na kuelekea mpaka wa Marekani, alikokuwa mnunuzi mpya.

Baada ya hapo apime uzito wa malighafi, nami naona hapa ndipo pa kukaa zaidi. Kiini cha korosho ni takriban robo ya uzito wa korosho yenye ganda, au pungufu, kwa hiyo anayebangua karibu na shamba halipii lori kubeba maganda. Hata hivyo, faida hiyo haitoshi peke yake, kwa sababu biashara ikiwa huru kabisa korosho ghafi hupakiwa melini zikabanguliwe India, na kiwanda cha hapa kikakosa cha kubangua. Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa korosho ghafi mwaka 2009. Mwekezaji makini atapiga hesabu mara mbili, marufuku ikiwepo na ikiondolewa. Kiwanda kisichoweza kumlipa mkulima bei ya msafirishaji kimesimama juu ya sheria tu, na sheria hubadilishwa.

Asome pia jedwali la ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005 kwa viwango vya asilimia 0, 10 na 25, kisha mwaka 2022 kikaongezwa cha asilimia 35, ili ajue mitambo na vifungashio vyake vimewekwa katika kiwango kipi.

Mwisho ni bandari. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa mwaka 2021, lakini gati si meli: aulize ni meli zipi hutia nanga, kwa ratiba gani, na zinaelekea wapi. Jibu lisiporidhisha, kontena lake litapitia Kilindini, bandari ya Mombasa, na Malindi, iliyo umbali wa kilomita zipatazo 120 kutoka Mombasa, itafaa kuliko Mokowe, iliyo bara mkabala na kisiwa cha Lamu. Kisiwani Amu (Lamu yenyewe) asijaribu, kwani kila gunia litalipiwa nauli ya chombo likiingia na likitoka.