Muizenberg kwa Siku Moja: Mawimbi Asubuhi, Reli ya Pwani Mchana

Muizenberg iko kusini mwa Cape Town, kilomita 25 hivi kutoka katikati ya jiji, mahali ambapo milima inakomea na ufuo mrefu wa ghuba ya False Bay unaanza. Pembe yake ya magharibi, inayoitwa Surfers' Corner, ndipo Waafrika Kusini wengi walipojifunza kusimama juu ya ubao wa mawimbi. Mwongozo huu nimemwandikia mtu ambaye hajawahi kupanda ubao, au aliyejaribu mara moja akakata tamaa, na ambaye ana siku moja tu ya kuuona ufuo huo pamoja na miji midogo iliyo jirani. Nasaha yangu kuu ni kwamba mpangilio wa siku hiyo uachiwe upepo, kwa maana upepo ndio unaoamua ni saa ngapi uwe majini na ni saa ngapi uwe kwenye treni.

Kuanzia Oktoba hadi Machi, upepo unaotawala hapa hutoka kusini-mashariki. Wenyeji huuita Cape Doctor, yaani Daktari wa Cape, kwa sababu wazee waliamini kwamba unasafisha hewa ya jiji. Muizenberg inautazama upepo huo uso kwa uso, kwa hiyo unapokolea huyapiga mawimbi kwa nyuma, huyabomoa kabla hayajajengeka, na kuigeuza bahari kuwa povu lisilo na mpangilio. Mara nyingi asubuhi huwa shwari na upepo huongezeka kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo anayefika saa moja asubuhi hukuta bahari iliyo tofauti kabisa na ile atakayoikuta mwenzake wa saa nane mchana. Wakati wa baridi, hasa Juni hadi Agosti, mambo hugeuka. Pepo za kaskazini-magharibi hutoka barani kuelekea baharini, huushikilia uso wa wimbi ukasimama laini, na hapo ndipo Muizenberg huwa nzuri kuliko wakati mwingine wowote, ingawa mvua na baridi huwafukuza wageni wengi.

Upole wa mawimbi yenyewe una sababu zake. Mlango wa ghuba unaelekea kusini, na rasi iliyo upande wa magharibi huzuia sehemu kubwa ya nguvu ya mawimbi yanayotoka kusini-magharibi. Yale yanayopenya husafiri kilomita nyingi ndani ya ghuba, kisha hupanda taratibu juu ya sakafu ya mchanga yenye mteremko mdogo sana. Kwa hiyo wimbi halianguki kwa kishindo. Huvunjika polepole na kukusukuma kwa muda mrefu hadi ufukweni. Oktoba 2009 watu 110 walipanda wimbi moja kwa pamoja papa hapa na kuweka rekodi ya dunia, na aliyeiona bahari hiyo hashangai, kwa kuwa ni fuo chache zenye mawimbi mapana kiasi hicho. Aliyezoea pwani ya Mombasa au Zanzibar atatambua tofauti nyingine pia: hapa hakuna mwamba wa matumbawe wa kuyavunja mawimbi mbali na nchi kavu, na hata wakati wa bamvua maji hayaondoki na kukuachia safari ndefu ya kutembea kwenye matope.

Tofauti itakayokushtua zaidi ni baridi ya maji. Katika kiangazi maji ya False Bay huwa kati ya nyuzi 18 na 22 za Selsiasi, na katika majira ya baridi hushuka hadi 14 au 15. Hayo ni maji ya uvuguvugu yakilinganishwa na upande wa pili wa rasi, ambako upepo ule ule wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu mbali na pwani na kuyapandisha yale ya kilindini, yenye baridi kali. Hata hivyo, mtu wa Bahari ya Hindi asijidanganye. Kodi suti ya mpira ya kuogelea pamoja na ubao; maduka yaliyopangana mbele ya ufuo hukodisha vyote viwili, na shule za kufundisha ziko hapo hapo. Suti ikubane mwilini. Ikiwa maji yanaingia na kutoka mgongoni kila unapoinama, ni kubwa mno na haitakukinga.

Kabla ya kuingia majini, inua macho utazame bendera. Tangu 2004 mpango uitwao Shark Spotters umekuwa ukiweka walinzi mlimani, juu ya barabara ya Boyes Drive, ambao huikagua bahari kwa darubini na kuwasiliana na wenzao walio ufukweni. Bendera ya kijani ina maana kwamba wanaona vizuri na hakuna papa aliyeonekana. Nyeusi ina maana kwamba hali ya maji au mwanga haiwaruhusu kuona sawasawa. Nyekundu ni tahadhari ya juu. Nyeupe yenye picha nyeusi ya papa, ambayo huambatana na king'ora, ina maana kwamba papa yupo karibu, nawe unapaswa kutoka majini mara moja bila kusubiri wimbi la mwisho. Papa weupe wakubwa wamepungua sana katika ghuba hii katika miaka ya karibuni, na nyangumi wauaji wanaowawinda ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Hilo lisikufanye uipuuze bendera, kwa sababu papa wa aina nyingine bado wapo. Baada ya siku za upepo wa kusini-mashariki angalia pia mchanga: ukikuta vifuko vidogo vya buluu vyenye nyuzi ndefu, hao ni jamaa za konyeza, na nyuzi zao huwasha vibaya hata wakiwa wamekufa.

Sasa tuje kwenye ubao. Chagua ubao laini wa sponji wenye urefu wa futi 8 au 9, hata kama ni mzito kuubeba, kwa sababu ubao mfupi unahitaji kasi ambayo mwanafunzi hana. Anza mchangani. Lala kifudifudi katikati ya ubao, vidole vya miguu vikigusa mkia wake, kisha weka viganja kando ya mbavu, sukuma kifua juu na uilete miguu chini yako kwa mwendo mmoja, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, magoti yakiwa yamekunjwa. Rudia mara kumi au kumi na tano. Mtu anayekusukuma kidogo kwa nyuma ghafla atakuonyesha mguu gani unatangulia kwa asili yako, na mguu wa nyuma ndio unaofungwa kamba ya ubao.

Ukiingia majini, usivuke kiuno. Hapo wimbi limekwisha kuvunjika na kubaki povu linalosonga, nalo lina nguvu ya kutosha kwa siku ya kwanza. Shika ubao kando yako, pua yake ikielekea baharini, na usiuweke kamwe kati ya mwili wako na wimbi, kwa maana utakupiga kifuani au mdomoni. Povu likiwa umbali wa mita tano hivi, geuza ubao uelekee ufukweni, panda, piga mikono kwa nguvu na usubiri mkia unyanyuke. Wanafunzi wengi husimama mapema kwa pupa, au husimama huku wakitazama miguu yao. Nami nilifanya hivyo asubuhi nzima, nikianguka upande ule ule, hadi mtoto wa miaka kumi hivi aliyekuwa karibu akaninyoshea kidole nyumba zilizo ufukweni. Nilielewa maana yake: macho yakiwa mbali, mwili hujisawazisha wenyewe. Wimbi lililofuata lilinifikisha hadi maji ya kifundo cha mguu, na sijaisahau furaha ile. Ukianguka, anguka ubapa, usitangulize kichwa, na kinga uso kwa mikono unapoibuka, kwa sababu ubao haujaenda mbali.

Pembe hii hujaa watu, kwa hiyo adabu ya majini si jambo la hiari. Aliye karibu zaidi na sehemu wimbi linapoanzia kuvunjika ndiye mwenye haki nalo, na wengine humwachia. Usiuachie ubao uchukuliwe na maji eti kwa sababu umefungwa kamba. Nyuma yako huenda kuna mtoto. Kukiwa na mkondo unaokuvuta nje, usishindane nao kwa kurudi moja kwa moja. Kaa juu ya ubao, ambao ni chombo chako cha kuelea, piga mikono sambamba na ufuo hadi utoke kwenye mkondo, na inua mkono ukihitaji msaada.

Ukishavua suti, tembea mpaka kwenye vibanda vya mbao vya kubadilishia nguo vilivyopakwa rangi nyekundu, njano, buluu na kijani, ambavyo ndivyo picha ya Muizenberg inayojulikana zaidi. Ni vizuri pia kujua kilichopita mahali hapa. Picha za mwaka 1919 zinamwonyesha Heather Price akiwa amesimama juu ya ubao katika maji haya, naye huhesabiwa kuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo Afrika Kusini. Baadaye, chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, ufuo huu ulitengwa kwa ajili ya wazungu peke yao, na fuo za nchi hiyo zilifunguliwa kwa watu wote Novemba 1989 tu. Leo utawakuta majini watoto wa vitongoji vya jirani, baadhi yao wakiletwa na shirika la Waves for Change linalotumia mchezo huu kuwasaidia watoto waliopitia misukosuko. Kwangu mimi, kuwatazama watoto hao kwa dakika kumi kuna uzito kuliko kivutio chochote kingine cha hapa.

Upepo ukianza kukolea, elekea kusini. Njia rahisi ni reli ya Metrorail inayotoka Cape Town hadi Simon's Town, ambayo kati ya Muizenberg na mwisho wake hupita karibu mno na maji kiasi kwamba mawimbi hurusha chumvi kwenye madirisha. Hakikisha ratiba ya siku hiyo kabla ya kuitegemea, safiri mchana, na usiache simu wala mkoba mahali pa wazi. Onyo hilo linahusu gari lililoegeshwa pia. Kituo cha kwanza, St James, kinafikika hata kwa miguu kwa njia ya saruji iliyo kati ya reli na bahari, na kina bwawa linalojazwa na maji ya bahari ambamo watoto huogelea kwa usalama.

Mbele kidogo ni Kalk Bay. Neno kalk kwa Kiholanzi ni chokaa, kwa kuwa zamani makombe yalichomwa hapa katika matanuri ili kupata chokaa ya kupaka nyumba, kazi ambayo watu wa mwambao wetu wataielewa bila kufafanuliwa. Bandari yake bado ni ya wavuvi, na miongoni mwa familia za wavuvi hao wamo wazao wa mabaharia Wafilipino waliohamia karne ya 19. Sili husubiri matumbo ya samaki chini ya gati. Watazame, lakini usiwakaribie.

Kutoka Simon's Town, mji wa kijeshi uliokuwa mikononi mwa jeshi la maji la Uingereza hadi 1957, ni mwendo mfupi kufika ufuo wa Boulders, ambako pengwini wa Afrika wamekuwa wakizaliana tangu miaka ya 1980. Ni ndege walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka. Lipa kiingilio kwa randi, kaa kwenye njia za mbao na usiwaguse, kwani midomo yao inakata.

Mwenye gari aendelee hadi Cape Point, kwenye ncha ya rasi. Mnara wa taa wa zamani uliwashwa 1860, mita 238 juu ya bahari, lakini uliwekwa juu mno na mawingu yaliuficha mara kwa mara. Baada ya meli ya Kireno Lusitania kugonga mwamba chini yake mwaka 1911, mwingine ulijengwa chini zaidi, mita 87 tu juu ya maji, ukakamilika 1919. Funga vioo vya gari na ufiche chakula, maana nyani wa huko ni wajasiri. Wakati wa kurudi pitia Boyes Drive badala ya barabara ya chini. Kati ya Juni na Novemba nyangumi huingia ghubani kuzaa, na kutoka kwenye ukingo wa barabara hiyo huonekana bila darubini, huku chini yako ukiweza kuhesabu safu za mawimbi ya Muizenberg na kujua kama upepo umelala kiasi cha kukuruhusu kuingia majini tena kabla jua halijatua.