Kupanga Safari ya Familia Milimani Katika Majira ya Joto

Anayepanga matembezi ya milimani pamoja na watoto hana budi kuhesabu saa kabla ya kuhesabu kilomita. Njia ya kilomita 8, ambayo kwenye tambarare huisha kabla ya mtu kuchoka, inaweza kumaliza nusu ya siku pale inapopanda mfululizo, jua linapokuwa kali na mtoto wa miaka sita anapoinama kila hatua chache kuokota kijiwe. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo ingali inatumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 hivi za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hesabu hiyo, njia ya kilomita 8 yenye mita 600 za kupanda humchukua mtu mzima mwenye nguvu, asiyepumzika, saa mbili na nusu na ushei. Ukiwa na watoto wadogo, zidisha muda huo mara mbili, na ujipangie saa tano. Wakifika mapema zaidi, hakuna aliyepoteza kitu.

Saa hizo tano zianze alfajiri au asubuhi mapema. Katika majira ya joto ardhi ya milimani hupata moto kadiri jua linavyopanda, hewa yenye unyevu huinuka, mawingu hujijenga kuelekea adhuhuri, na mvua ya radi hushuka alasiri, hata siku iliyopambazuka bila wingu. Vijito vinavyotokana na theluji navyo hufuata jua: asubuhi huwa na maji machache, lakini kufikia alasiri theluji imeyeyuka na kivuko kilichowalowesha vifundo vya miguu wakati wa kwenda kinaweza kuwafikia magoti wakati wa kurudi. Familia inayoondoka saa moja asubuhi hufika saa sita mchana ikiwa imekwishateremka kutoka kwenye migongo ya milima iliyo wazi.

Kwa sababu hiyo, saa ya kugeuka ipangwe wakati wa kifungua kinywa na itangazwe kwa wote. Ikifika, familia igeuke popote ilipo. Ukweli ni kwamba watoto hukubali kugeuka kwa urahisi. Wenye kusumbua ni watu wazima wanaokiona kilele mbele yao.

Radi ikiwakuta njiani, hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, kwani sauti huchukua sekunde 3 hivi kusafiri kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, mmekwisha kuingia katika hatari. Teremkeni kutoka kileleni na kwenye migongo ya milima, epukeni mti uliosimama peke yake na mdomo wa pango, muwe mbalimbali kidogo badala ya kukumbatiana, na msirudi juu mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Hema si kinga dhidi ya radi.

Kuhusu mahali pa kwenda, mandhari ya mbali ni starehe ya watu wazima. Mtoto hutaka maporomoko ya maji, ziwa la kutupia mawe, miamba ya kupanda kwa mikono au daraja linaloyumba, naye atatembea kwa hiari mradi anajua kuna kitu cha kufanya atakapofika. Ni afadhali njia fupi inayoishia ziwani kuliko njia ndefu inayoishia kwenye kilele kitupu. Ikiwa safari ni ya kutazama mandhari tu, kwa gari la barabarani au lile linalopanda kwa waya, kumbukeni kwamba mnapandishwa kwa dakika chache kimo ambacho miili ingekizoea kwa siku kadhaa.

Jambo hilo lina uzito kuanzia mita 2,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ambapo upungufu wa oksijeni unaweza kuleta maumivu ya kichwa, kichefuchefu, uchovu na usingizi wa mang'amung'amu. Mtu mzima atajieleza, lakini mtoto mdogo atakuwa mkorofi bila sababu, atakataa chakula na kuacha kucheza. Dalili hizo zikitokea mwinukoni, zihesabiwe kuwa ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Msiendelee kupanda, na zikizidi, teremkeni mara moja hata kama ni usiku. Kwa wanaolala juu ya mita 3,000, ushauri wa kawaida ni kutopandisha mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na kuwa na siku ya mapumziko kila baada ya siku tatu au nne. Kwa maoni yangu, wenye watoto wadogo wapige kambi chini na wazuru juu mchana.

Kimo huathiri pia mavazi. Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, hivi kwamba bondeni kukiwa na nyuzi 28, mahali palipo juu zaidi kwa mita 2,000 patakuwa na nyuzi 15, bila kuhesabu upepo. Kila mmoja abebe sweta na koti la mvua, hata kama anaondoka akiwa amevaa kaptura. Nguo za pamba zikilowa hukawia kukauka na hunyonya joto la mwili, kwa hiyo sufu au vitambaa vya viwandani vinavyokauka haraka vinafaa zaidi. Miale inayounguza ngozi, kwa upande wake, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, na mawingu mepesi hayaizuii. Kofia pana, miwani na mafuta ya kukinga jua ni ya lazima. Anayebebwa mgongoni aangaliwe kwa namna ya pekee: mbebaji anatoka jasho huku mtoto aliyetulia akipoa, hivyo papaseni mikono na miguu yake mara kwa mara.

Njiani, mtu mzima mmoja atangulie, anayetembea polepole kuliko wote amfuate na kuweka mwendo, na mtu mzima mwingine awe wa mwisho. Wapeni watoto maji na vitafunwa kabla hawajalalamika. Viatu viwe vimekwisha kuzoewa na miguu, na panapoanza kuwasha pafunikwe kwa plasta papo hapo, kabla lengelenge halijatokea. Mtoto abebe maji yake, koti na filimbi tu. Mfundisheni kwamba akipotea akae mahali alipo, karibu na mti au mwamba, na kupuliza. Katika Alps na sehemu nyingi za Ulaya, ishara ya kuomba msaada ni milio 6 ndani ya dakika moja, ikifuatwa na dakika moja ya kimya. Amerika Kaskazini ni milio 3. Ramani ya simu ipakuliwe mapema, ya karatasi iwemo begini, na mtu aliyebaki nyumbani ajue njia yenu na saa mnayotarajia kurudi.

Hema lijaribiwe karibu na nyumbani kwanza, watoto walale humo usiku mmoja, ili kamba iliyopungua ijulikane mapema. Kambini, chagueni mahali pa tambarare palipoinuka kidogo. Hewa baridi hujikusanya kwenye mabonde usiku, na korongo kavu linaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali. Tazameni juu pia: tawi lililokufa halihitaji dhoruba ili lianguke. Ardhi hunyonya joto kuliko hewa, hivyo mfuko mzito wa kulalia hausaidii sana pasipo godoro la sponji chini yake.

Jiko lisiwashwe kamwe ndani ya hema, hata mvua ikinyesha, kwa sababu ya moto na kwa sababu ya kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu usingizini. Kwenye mita 3,000 maji huchemka kwa nyuzi 90 hivi, kwa hiyo nafaka nzima na jamii ya kunde hazifai. Bebeni vyakula vinavyoiva haraka. Maji ya kijito, hata yawe maangavu, yachemke kwa dakika 1 kamili, au dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000. Chakula kisilazwe hemani, kwani harufu yake huita wanyama. Pasipo na choo, chimbeni shimo la sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka kwenye maji, njia na kambi; karatasi zilizotumika zirudi nanyi ndani ya mfuko.

Jioni ya kurudi, kabla ya kuoga, wakagueni watoto kama wana kupe: nyuma ya masikio, kwenye nywele, makwapani, kinenani na nyuma ya magoti. Kupe akipatikana, ashikwe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, avutwe taratibu bila kuzungushwa, na mahali hapo pasafishwe. Homa au upele ukitokea katika majuma yanayofuata, mpelekeni mtoto kwa daktari na mumweleze ni lini na wapi aliumwa na kupe.