Kabla hujakanyaga mtumbwi pale mwaloni

Jaketi la kuokolea maisha livae ukiwa nchi kavu na ufunge kamba zake. Simu itie kwenye mfuko wa plastiki.

Kisha tazama ubavu wa chombo. Kwa kanuni ya Archimedes, chombo husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa. Ukipakia pikipiki ya kilo 120, mtumbwi utashuka mpaka uondoe lita 120 zaidi za ziwa. Ubao uliobaki juu ya maji ndio akiba yenu. Ikibaki shubiri moja, usipande, hata nahodha aape. Wa pwani nao wajue: maji ya bahari ni mazito zaidi, kama kilo 1,025 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mzigo uleule hukizamisha chombo zaidi huku Ziwa Victoria.

Halafu chungulia ndani. Huku kisiwani Ukerewe nimeona mtumbwi ukipinduka abiria wakiwa wameshauona mchanga. Haukuwa umetoboka. Sakafuni kulikuwa na maji ya kufika vifundoni, na njia nzima hakuna aliyeyachota. Walipowaona ndugu zao ufukweni wakasimama wote, wakaelemea upande mmoja. Mtumbwi ukainama, yale maji yakakimbilia hukohuko, yakauinamisha zaidi, na magunia ya dagaa yaliyorundikwa juu ya mbao za kukalia yakaporomoka. Ziwa likaingia. Mama mmoja tulimkuta amekumbatia dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko. Dumu hilo likizamishwa lote husukumwa juu kwa karibu kilo 20, na kichwa cha mtu kubaki nje ya maji hakihitaji hata nusu ya hizo.

Basi uliza kopo la kuchotea maji liko wapi. Mizigo ikae chini kabisa. Wewe keti mpaka chombo kiguse mchanga, na jirani yako mketishe.

Kikipinduka kikabaki kinaelea, kishikilieni, msikitoboe. MV Bukoba, meli ya abiria iliyopinduka Ziwa Victoria 21 Mei 1996, ilikuwa ingali ikielea kifudifudi kwa hewa iliyonaswa ndani. Tundu lilipokatwa ili kuwatoa watu, hewa ikatoka, meli ikazama.

Mtoto avae jaketi la kimo chake, asifungwe mgongoni. Wingu zito likitanda kabla hujaondoka, usipande, lala hapohapo nchi kavu. Na aliyebaki nyumbani ajue umepanda chombo gani.